Nyumba ya Mwalimu wa Kifaransa

Nikikutana na watu tuliosoma pamoja Goma, hakosi mmoja wa kusema, "Yule mwalimu wa Kifaransa, ule alikuwa mutu wa akili!" Mimi huendelea kunywa chai yangu. Akili alikuwa nazo, ndiyo, tena nyingi, lakini alizibeba kama mtu aliyenunua mwavuli mpya na kuufungua siku ya jua. Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, maana mwenyewe alipenda tuamini kwamba alianguka kutoka ndani ya kamusi. Nitasema nilichokiona, na nilichokiona hakinifanyi nimpende.

Tuanze na viatu. Njia zote za mji wetu zilikuwa mawe ya volkano, meusi, yenye meno, yanayotafuna ngozi yoyote uliyovaa. Mwalimu alikuwa na viatu vya kung'aa ambavyo jiwe halikupaswa kuvigusa. Basi alitoka kwake amevaa makubadhi ya tairi kama sisi wote, akafika nyuma ya ukuta wa shule, akachutama, akabadilisha. Yale makubadhi aliyaficha chini ya majani. Shule nzima tulijua yalipo, na tukizunguka kona tulimkuta anatungoja amenyooka, soksi hadi magotini, kana kwamba ameshushwa pale na ndege.

Ukimsalimu kwa Kiswahili aligeuka kuangalia nyuma yake, kama anatafuta ni nani anayesalimiwa. Alimfanyia hivyo mpishi wa shule, alimfanyia mlinzi wa geti, muzee mwenye mvi aliyetoka upande mmoja na yeye. Siku moja mama yake mzazi alikuja na kibuyu cha maziwa, akasimama mlangoni mwa darasa, akamwita kwa jina la utotoni, kwa Kinyarwanda. Mwalimu alimwendea polepole, akamwambia kwa Kifaransa kwamba ana kazi na angoje nje. Yule mama akainamisha kichwa, akapiga ishara ya msalaba, akajibu, "Amina." Alidhani mwanawe amembariki. Sisi tulicheka hadi machozi, na sasa nikikumbuka sicheki tena, naona aibu kwa niaba yake.

Kwenye dawati nilikaa na Kambale, kijana wa Butembo, mtoto wa mfanyabiashara aliyekuwa anashuka na lori la vitunguu hadi Kiwanja, mara nyingine hadi kwetu. Kambale alitaka kitu kimoja tu duniani: kuingia masomo ya wauguzi. Mdogo wake wa kike alikuwa amefia mgongoni mwa mama yao, njiani kwenda dispanseri, na walipofika dispanseri muuguzi alimwambia mama ni dawa gani ndogo ingemponya. Tangu hapo Kambale hakuwa na wimbo mwingine. Lakini masomo yale yalikuwa na mlango mmoja: inspekteri muzungu anakuja mwisho wa mwaka, anakusimamisha, anakuuliza kwa Kifaransa, unajibu kwa Kifaransa. Usipojibu, unarudi kwenye vitunguu. Na ufunguo wa mlango ule alikuwa nao mwalimu wetu, au ndivyo alivyotuambia.

Njia yake aliiita ya kichwa. Walimu wengine walituimbisha maneno na kutuchapa tukiyasahau. Yeye alidharau hayo. Alisema neno lisilo na mahali pa kukaa linapotea, kwa hiyo kila mtu ajenge nyumba kichwani, ayapange maneno ndani yake, na akiulizwa aingie kuchukua. Akachora nyumba ubaoni, na si nyumba yetu, bali ya muzungu: saluni ya kupokelea wageni, korido, chumba cha kulia, ngazi, orofa. Vyakula vikae mezani, nguo kabatini, ndugu wa ukoo waning'inie kwenye picha ukutani. Kazi za watu, yaani fundi, mkulima, mfanyabiashara, daktari, ziwekwe orofani. "Fungeni macho! Ingieni! Chukueni! Tokeni!" Alikuwa anapiga kelele hivyo kwa Kifaransa, na darasa zima tukafumba macho tukasinzia kwa heshima.

Sasa, nani kati yetu alikuwa ameingia nyumba ya muzungu? Mmoja tu, baba yake alikuwa boyi kule kando ya ziwa, na yeye aliishia jikoni. Tulijua mlango wa nyuma na ndoo ya maganda. Korido ni nini? Mwalimu alisema ni njia iliyo ndani ya nyumba. Njia ndani ya nyumba! Na orofa? Alisema ni mahali pa kulala, juu. Mwanafunzi mmoja wa Rutshuru akauliza kama basi wazungu wanalala juu ya vichwa vya wageni wao, akafukuzwa nje hadi kengele.

Kambale alikuwa ananinong'oneza, "Ndugu, hii korido inaishiaka wapi? Mimi ninapoteaka mule kila siku."

"Achana nayo," nilimwambia. "Weka maneno kwenu. Weka mukate kwa mafiga ya mama yako."

Mimi ndivyo nilivyofanya, kimyakimya. Vyakula vyangu vya Kifaransa vilikaa kwenye mafiga ya mama, nguo zilianikwa kwenye kamba ya katani, na kazi zote za watu nilizipanga kwenye njia ya sokoni: fundi wa cherehani palepale alipokaa fundi wa cherehani, mchinjaji chini ya nzi wake. Mwalimu akiniuliza nilifumba macho kidogo kumfurahisha, kisha nikajibu. Alinisifu kwamba nyumba yangu ina mpangilio. Ee Mungu wangu, angeijua nyumba yenyewe!

Kambale hakutaka. "Mwalimu alisema ile nyumba. Dawa unaikunywaka vile munganga alisema, haubadilishe."

Ndivyo alivyokuwa, mtiifu hadi unataka kumtikisa.

Njia ile mwalimu aliitoa kwenye kitabu alichokuwa anakizungushia kitambaa kama mtoto mchanga, na kitabu chenyewe kilikuwa nusu. Mchwa walikula nusu ya nyuma akiwa bado mwanafunzi. Hakuwahi kuisoma, na jambo hilo halikumsumbua hata siku moja. Alifundisha nusu ya kitabu kwa uhakika wa mtu aliyekiandika. Mimi naamini kabisa ile nusu ya mchwa ndiyo iliyoeleza kwamba kila mtu achukue nyumba anayoijua. Lakini nani angemwambia? Aliyemwuliza swali aliambiwa asifikiri kwa Kiswahili. Aliyechezesha midomo kabla ya kujibu aliambiwa, "Unatafsiri! Wewe ni mchuuzi wa maneno!" Na aliyetoa neno la Kiswahili darasani, hata moja, hata akiwa amekanyaga msumari, alisimama kwa mguu mmoja mbele ya wenzake hadi somo liishe. Aliumia mmoja wetu vidole mlangoni na akalia kwa Kifaransa. Mwalimu alimpongeza.

Alipoona bado tunapotea, alifanya jambo ambalo hata leo likisimuliwa watu wananiita mwongo. Alichukua majivu jikoni kwa mpishi, akaichora ile nyumba kwenye uwanja wa shule, kwa ukubwa wake kamili. Kwenye orofa akakusanya mawe meusi akajenga ngazi inayopanda kwenda hewani, haifiki popote. Tukapanga mstari. Tuliingia mlangoni pasipo na mlango, tukageuka koridoni, tukainamia meza isiyokuwepo tukataja siagi na jibini, tukapanda ngazi, tukasimama juu ya mawe tukataja kazi za watu, tukashuka. Kina mama waliokuwa wanatoka sokoni na mizigo vichwani walisimama kwenye ua.

"Yesu Maria! Hawa batoto banafanya nini?"

"Banacheza mazishi."

"Hapana mama, ni masomo. Ona mwalimu ule pale."

"Masomo ya kupanda mawe? Basi mimi nimesoma sana!"

Walicheka hadi mmoja akatua kapu lake chini. Mwalimu alisimama katikati ya saluni yake ya majivu, hakugeuza hata shingo. Jioni mvua ikanyesha ikaifuta nyumba yote isipokuwa ngazi.

Nyumbani kwake, pale panapoitwa leo Mapendo, ilikuwa ni maonyesho. Miaka ile kulikuwa na karatasi ya Wabelgiji ya kusema kwamba mweusi huyu amestaarabika, na aliyeitaka alitembelewa na tume: wazungu wanaingia, wanaangalia choo, wanafungua kabati, wanauliza kama mke anakula mezani na bwana wake. Mwalimu alikuwa anaingoja tume hiyo mwaka mzima. Mkewe, mama mnene mwenye kicheko kizuri, alikalishwa mezani kila jioni na kanya, yaani uma, mkononi akijaribu kuchoma maharagi moja moja. Siku moja nilitumwa kwake kupeleka madaftari. Nilipobisha mbele hakuna aliyeitika, nikazunguka nyuma. Nikawakuta wote wawili wamechutama jikoni, wanamega bugali kwa mikono, sombe ya majani ya mihogo imempaka mwalimu hadi kidevuni, anamsimulia mkewe kitu kwa Kinyarwanda na wote wanacheka. Sikuwahi kumwona mzuri namna ile. Aliponiona alisimama, akafuta mkono kwenye suruali, akaniuliza kwa Kifaransa kwa nini nimepita mlango wa watumishi.

Nitaongeza na hili, kwa meno yaliyoumana, ili nisiambiwe namsingizia: hakutupiga hata siku moja. Na alijua kila mmoja wetu anasahau namna gani. Alimwambia mmoja, "Wewe unasahau kwa sababu una haraka." Mwingine, "Wewe hulipendi neno, ndiyo maana halikai." Aliona kweli. Saa za mapumziko alikuwa anatembea na Kambale uwanjani, anamshika bega, anamwingiza na kumtoa kwenye ile nyumba, kwa uvumilivu ambao mimi sina hata kwa watoto wangu. Alimpenda, nadhani. Kambale ndiye peke yake aliyemwamini kwa moyo wote, na nani asiyempenda anayemwamini hivyo? Ndiyo maana sijamsamehe.

Inspekteri alikuja asubuhi ya baridi, mlima umefunikwa na ukungu. Mtu mnene, mwenye ndevu nyekundu, amekaa Kivu miaka mingi, uso umechoka lakini si mbaya. Alikaa mbele, mwalimu wetu amesimama kando yake na viatu vyake. Mimi niliitwa mapema. Aliniuliza kuhusu chakula cha nyumbani, nikakimbia kwenye mafiga ya mama, nikajibu, akatikisa kichwa kukubali, nikakaa. Nilitokwa jasho, lakini nilipita.

Akaitwa Kambale. Inspekteri alimtazama shati lake lililopigwa pasi vizuri, akatabasamu, akamwuliza swali la kumsaidia, swali la mtoto: baba yako anafanya kazi gani?

Kambale akafumba macho.

Tulijua yuko wapi. Kazi za watu zilikuwa orofani. Alikuwa anafungua mlango, anapita saluni, anaingia koridoni, na sisi wote tulikuwa tunakwenda naye, naapa, darasa zima tulikuwa tunapanda naye zile ngazi. Haraka, Kambale! Kalamu ya inspekteri ilikuwa inagonga meza. Jasho lilimtoka Kambale juu ya mdomo. Neno lenyewe alilijua! Alilitaja mara ngapi akiwa amesimama juu ya mawe!

Inspekteri akainama mbele. Aliona kijana amesimama, macho yamefumbwa, anatetemeka. Akamwuliza taratibu, kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri kabisa cha kwetu, "Mutoto, uko mugonjwa?"

Kwa Kiswahili! Kambale angejibu tu, "Hapana bwana, ninatafuta neno." Yule muzungu angengoja, uso wake ulionyesha angengoja. Lakini Kambale alikuwa amefundishwa. Kiswahili darasani hakijibiwi. Akabana macho zaidi.

Ndipo inspekteri akamgeukia mwalimu, akamwuliza kwa Kifaransa, "Yuko hivi siku zote?"

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Sote tulimwona. Yeye ndiye aliyemfundisha kufumba macho, yeye ndiye aliyejenga zile ngazi, na alihitaji kusema hilo tu: ni njia yangu, mngojee kidogo.

Akasema, "Oui, monsieur l'inspecteur."

Ndiyo, bwana inspekteri. Yuko hivi siku zote.

Inspekteri akaandika, akamwambia Kambale akae. Kambale akafumbua macho na kusema kwa sauti kubwa, safi, bila kosa, kwamba baba yake ni mfanyabiashara. Lakini alikuwa ameshaitwa mwingine.

Baba yake alikuja kumchukua na lori. Nilimsindikiza hadi njia ya Rutshuru. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alipanda juu ya magunia akaniambia, "Mwalimu hana kosa. Mimi niko muzito wa kichwa." Nikasema moyoni: mwalimu amekuuza, bwege wewe. Wiki zile alikuwa anaingoja tume yake, na kila mtu alijua inspekteri ana neno katika ile tume. Karatasi aliipata kabla ya Krismasi. Aliiweka kwenye fremu.

Nilibeba hasira ile kwa miaka. Nikapata kazi ya ukarani, nikaoa, na kila nilipopita karibu na nyumba yake niligeuza uso. Kisha, mwishoni mwa ile miaka ya hamsini, nilitumwa Kiwanja kwa kazi, nikamkuta Kambale sokoni, anapakia vitunguu kwenye lori la marehemu baba yake. Tulikumbatiana. Mama mmoja alikuwa amekaa pale na mtoto mwenye kuhara, na Kambale akamwambia amnyweshe maji ya chumvi na sukari, ampeleke haraka kwa dispanseri. "Hapa bananiitaka munganga," aliniambia, akacheka, na kicheko kilimwishia njiani. Kisha akaniuliza, "Na mwalimu wetu, iko muzima?"

Nikarudi Goma nikaenda moja kwa moja Mapendo, bado na vumbi la njia.

Mwalimu alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Nilimkuta kwenye kiti, miguu imevimba, imewekwa juu ya mto, haina viatu. Mkewe alinipa chai akatuacha. Sikumsalimu sana.

"Nimetoka kuona Kambale," nikamwambia. "Anauza vitunguu."

Akafunika uso kwa kiganja.

"Muzee, leo utaniambia. Ile siku kwa nini ulisema ndiyo? Ilikuwa ni kwa sababu ya karatasi?"

"Karatasi?" Aliondoa mkono akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, hata sikuwaza karatasi. Nilitaka kumueleza yule muzungu. Kwa jina la Mungu, nilitaka. Kwamba ni mimi nilimufundisha ile, kwamba neno liko njiani, amungojee. Nikatafuta Kifaransa ya kuyasema. Haikukuja. Yote niliyasomaka kwa kitabu, sikukuwa nimebishana na muzungu hata siku moja. Nilitafuta, nikatafuta, na yeye alikuwa ananiangalia. Ile 'oui' ndiyo ilitoka. Ilitoka yenyewe."

Nilikuja nimejiandaa kwa mwoga, kwa mlafi wa karatasi, na hasira yangu haikujua ishike wapi. Kisha ikapata mahali, na ilikuwa kali kuliko zote.

"Lakini yule muzungu alijua Kiswahili! Alimusemesha Kambale kwa Kiswahili, ulisikia na masikio yako! Ungemuambia kwa Kiswahili, muzee. Maneno mawili tu. Ungemuambia: mungojee kidogo."

Mwalimu alinyanyuka kidogo, akashika kingo za kiti. Alishangaa kweli. Naona hadi leo kwamba wazo lile lilikuwa halijamjia, si siku ile wala siku yoyote ya miaka yote hiyo.

"Kiswahili?" akasema. "Mbele ya darasa langu?"

Kisha akaanza kunieleza kwa nini hilo lisingewezekana: kwamba wanafunzi wangemwona, kwamba mwalimu akianguka mara moja hainuki tena, kwamba mimi ni kijana na siwezi kujua aibu ya namna ile inavyokula mtu. Alieleza muda mrefu, vizuri, hatua kwa hatua, hadi chai yangu ikapoa. Alieleza yote kwa Kiswahili, na hakukosa hata neno moja.